Mwonaji Asiyeomba Kuona: Maoni ya Wasomaji juu ya Riwaya ya The Dead Zone ya Stephen King

1. Utangulizi

Riwaya ya taharuki aghalabu hupimwa na wasomaji kwa kipimo kimoja: je, ilimfanya msomaji akeshe, au alilala kabla ya kuimaliza? Kwa kipimo hicho The Dead Zone, iliyochapishwa na Viking Press mwaka 1979, haina mashaka. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Stephen King kuingia katika orodha ya riwaya kumi zilizouzwa zaidi nchini Marekani kwa mwaka mzima. Imetengenezewa filamu na David Cronenberg mwaka 1983, kisha mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa kati ya 2002 na 2007. Hata hivyo, wasomaji wake hawajabishana sana juu ya hofu wanayoipata. Wamebishana juu ya hukumu: je, mhusika mkuu alitenda haki?

Makala haya yanakusudia kuyachambua maoni makuu matatu ya wasomaji hao, yaani juu ya muundo, juu ya asili ya uwezo wa mhusika mkuu, na juu ya mwisho wa kisa. Itaonyeshwa kwamba maoni hayo matatu yana mzizi mmoja. Riwaya hii humpa msomaji ushahidi ambao mtu mwingine yeyote ndani ya kisa hana, kisha humwachia kazi ya hakimu.

2. Kisa kwa ufupi

Johnny Smith ni mwalimu wa Kiingereza katika mji mdogo wa jimbo la Maine. Mnamo Oktoba 1970 gari alilopanda lagongana na jingine usiku, naye azimia kwa muda wa miaka minne na nusu. Anapozinduka Mei 1975, mchumba wake Sarah ameshaolewa na mwanamume mwingine, mama yake Vera amezama katika dini iliyopotoka, na sehemu ndogo ya ubongo wake imekufa. Mahali pa sehemu hiyo pamezuka uwezo wa ajabu: akimgusa mtu, au kitu cha mtu, huona yaliyofichika na mara nyingine yatakayokuja.

Johnny hakuuomba uwezo huo wala haupendi. Unamletea maumivu ya kichwa, barua za watu wasiojulikana wanaotaka msaada, na waandishi wa magazeti ya uvumi. Unamnyima hata kazi yake ya ualimu, kwa kuwa shule yaona sifa yake italeta fujo. Hatimaye, mwaka 1976, aushika mkono wa mwanasiasa aitwaye Greg Stillson na kuona kwamba mtu huyo atakuja kuwa rais na kuiingiza dunia katika vita vya nyuklia. Tangu hapo swali ni moja: afanye nini mtu ajuaye jambo ambalo hawezi kulithibitisha?

3. Maoni juu ya muundo

Lawama inayorudiwa zaidi na wasomaji ni kwamba riwaya hii haina umoja. Husemwa kuwa ni visa vitatu vilivyofungwa kwa kamba moja: kisa cha muuaji wa wanawake wa Castle Rock, kisa cha kijana Chuck Chatsworth ambaye Johnny amfundisha kusoma, na kisa cha Stillson. Msomaji aliyezoea riwaya ya upelelezi hutegemea muuaji awe kilele. Hapa muuaji agunduliwa kati ya kitabu, ajiua, na kisa chaendelea kana kwamba kimeanza upya.

Lawama hiyo ina ukweli, lakini yaacha jambo moja nyuma. Ni vema kuuliza kila tukio la awali lina kazi gani. Johnny amwambia Daktari Weizak kuwa mama yake, aliyedhaniwa amekufa vitani, yu hai California, yathibitika. Amwambia Sarah ilipo pete yake ya ndoa iliyopotea, yaonekana palepale. Amtambua muuaji wa Castle Rock, naye ni askari wa polisi. Mwenyewe akiri kabla ya kujiua. Awaonya wazazi na vijana kwamba ukumbi wa karamu ya kumaliza shule utashika moto kwa radi. Wanaomsikiliza wapona, wasiomsikiliza waungua.

Kwa mfululizo huu King amjengea msomaji faili la ushahidi, hatua kwa hatua, kuanzia jambo dogo la pete hadi vifo vya watu wengi. Ifikapo zamu ya Stillson, msomaji hadai tena uthibitisho, ameshazoea kusadiki. Kisa cha moto chaongeza jambo jingine. Maono yanapotimia, yuko anayempigia Johnny kelele kwamba ndiye aliyeuleta moto kwa nguvu za akili yake. Kwa hiyo hata uthibitisho ulio wazi kabisa haumpi mwonaji imani ya watu. Wapo wanaomgeuza mshitakiwa. Riwaya yenye kisa kimoja tu isingaliweza kumfikisha msomaji hapo, na kinachoitwa ulegevu wa muundo chapaswa kuhesabiwa miongoni mwa nyenzo zake.

4. Karama, ugonjwa au mzigo?

Maoni ya pili yahusu asili ya uwezo wenyewe. Wako wasomaji wanaomwona Johnny kama nabii, wako wanaomwona kama mgonjwa, na wako wanaomwona kama mtu wa kawaida aliyetwishwa mzigo. Kila kundi lina ushahidi wake kitabuni. Vera, akiwa karibu kufa, amwambia mwanawe kwamba Mungu amempa kazi na asijifiche. Madaktari wagundua uvimbe katika ubongo wake. Johnny mwenyewe hataki jina lolote; ataka kufundisha na kuishi.

Wasomaji wengi humshitaki King kwamba amemchora Vera kama kikaragosi cha mcha Mungu. Shitaka hilo lina uzito katika sura za mwanzo, ambapo mama huyu angoja vyombo vya angani na kufuata wahubiri wa mwisho wa dunia. Lakini mwandishi amempa yeye, mwenye imani iliyopotoka, neno ambalo kisa kizima chalitimiza. Hapo mhusika aliyeanza kama kichekesho aondoka na uzito ambao wenye akili timamu hawana.

Mhakiki anayeisimulia riwaya hii kwa Kiswahili hulazimika kuchagua neno, na uchaguzi huo ni hukumu tayari. Akisema karama, amekwisha kumtaja Mungu aliyeitoa. Akisema uaguzi, amemweka Johnny katika kazi yenye wateja na malipo. Akisema utabiri, amesahau kwamba nusu ya maono yake yahusu mambo yaliyokwisha kupita. Tafsiri ya Kifaransa, ambayo kwanza iliitwa L'Accident, nayo ilichagua: iliusogeza uzito kutoka katika mahali palipokufa ndani ya ubongo hadi katika ajali ya barabarani, kana kwamba bahati mbaya yaeleza yote. Msomaji wa Kongo aliyekutana na riwaya kwa jina hilo aliingia kwa mlango tofauti na msomaji wa Boston.

Aidha, msomaji wa Katanga anao mfano wa kulinganisha. Miongoni mwa Waluba, kilumbu ni mwaguzi ambaye pepo humpanda na kusema kupitia kwake. Wito wake nao huweza kumjia bila kuutafuta. Lakini kilumbu ana mahali pa kukaa: ana kibuyu chenye vitu anavyovisoma, ana wanaomjia na shida zao, na ana jamii inayojua namna ya kumwuliza na namna ya kumjibu. Johnny hana hata kimoja cha hivyo. Jamii yake ina nafasi mbili tu kwa mtu kama yeye, ukurasa wa gazeti la uvumi na kitanda cha hospitali. Kwa mtazamo huo, kinachomwangamiza mhusika huyu ni upweke wa kuona pasipo mtu wa kumwambia, kuliko kuona kwenyewe. Hili wasomaji wachache wamelisema, ingawa riwaya yalionyesha karibu katika kila sura.

5. Maoni juu ya mwisho

Katika kitabu chake On Writing cha mwaka 2000, King ameeleza kwamba riwaya hii ilizaliwa na maswali mawili: je, muuaji wa mwanasiasa aweza kuwa na haki? Na kama ndivyo, aweza kufanywa shujaa wa riwaya? Ndani ya kisa, Johnny huwauliza watu swali lilelile kwa sura nyingine: kama ungeweza kurudi Ujerumani mwaka 1932, ungemwua Hitler?

Mnamo Januari 1979 Johnny apanda roshani ya ukumbi katika mji mdogo wa New Hampshire akiwa na bunduki. Risasi zake zakosa. Stillson, kwa hofu, amnyakua mtoto mdogo na kumfanya ngao, na kijana mwenye kamera apiga picha. Walinzi wampiga Johnny risasi. Kabla ya kufa amgusa Stillson na kuona kwamba yale maono yamefutika: picha ile itammaliza mwanasiasa huyo.

Hapa wasomaji hugawanyika kabisa. Kundi moja lasifu mwisho huu kwa hekima: ukweli umeshinda pale ambapo bunduki imeshindwa, na mikono ya shujaa haina damu. Kundi la pili lasema mwandishi amelikimbia swali lake mwenyewe. Aliuliza kama kuua kwaweza kuwa haki, kisha akapanga mambo ili asiuawe mtu anayeulizwa habari zake. Filamu ya 1983 iliukaza mwisho huo zaidi kwa kumfanya mtoto yule awe mwana wa Sarah, jambo lililoongeza uchungu na kupunguza ugumu wa swali.

Kundi la pili lina haki zaidi juu ya tukio la ukumbini. Lakini riwaya haikuishia hapo. Sehemu yake ya mwisho ina barua za Johnny pamoja na kumbukumbu za kamati ya Baraza la Seneti inayowahoji mashahidi. Wajumbe wa kamati wana uvimbe wa ubongo, bunduki na maiti. Kwao jibu ni jepesi, mtu huyu alikuwa mgonjwa. Msomaji peke yake ana lile faili lote, tangu pete hadi moto. Anajua kwamba kamati yakosea, na papo hapo anajua kwamba yeye mwenyewe, kama angeketi katika viti vile, angalikata shauri kama wao.

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2016 wasomaji wengi, na King mwenyewe, walimlinganisha Stillson na Donald Trump, na kitabu kikasifiwa kwa kuona mbali. Sifa hiyo ina hatari yake, maana yamgeuza msomaji kuwa Johnny: naye adhani ameshika mkono na kuona. Msomaji wa Lubumbashi ana sababu ya kusita. Patrice Lumumba aliuawa karibu na mji huo, wakati ule Élisabethville, tarehe 17 Januari 1961, na wakubwa wa Bruxelles na wa Washington waliotaka aondolewe walizungumza juu ya balaa litakalokuja asipozuiwa. Wao pia walisema wameona mbele. Tofauti kati yao na Johnny ni kwamba maono ya Johnny yana dhamana ya msimulizi, na msimulizi wa namna hiyo hapatikani nje ya riwaya.

6. Hitimisho

Yaliyochambuliwa yaonyesha kwamba mabishano ya wasomaji wa The Dead Zone hayatokani na utata wa kisa, kwa kuwa kisa ni wazi. Yatokana na cheo ambacho msomaji amepewa. Anayelalamikia muundo amelalamikia mrundikano wa ushahidi. Anayebishania karama na ugonjwa amebishania jina la ushahidi huo. Anayelaumu mwisho amelaumu kunyimwa hukumu ambayo ushahidi ulimwandalia. Wanafunzi watakaoisoma riwaya hii watanufaika wakijiuliza, kabla ya kumtetea au kumlaani Johnny Smith, jambo moja rahisi: ni nani aliyewaambia kwamba maono yake ni ya kweli, na je, wangemwamini kama wangalikutana naye barabarani tu?