Lugha ya Kimbilio: Kiswahili katika *Nirgendwo in Afrika*

Uhakiki wetu umeipita kimyakimya *Nirgendwo in Afrika* (2001) ya Caroline Link, ingawa ilitunukiwa Oscar mwaka 2003 na sehemu ya mazungumzo yake ni Kiswahili. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya Stefanie Zweig, inamfuata Regina, mtoto wa Kiyahudi anayeponea Kenya kutoka kwa Wanazi. Kiini chake, kwa maoni yangu, hakimo katika ndoa ya wazazi wake bali jikoni. Huko Owuor, mpishi Mjaluo, anamfunza Kiswahili, ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Jettel, mamaye Regina, anamtaka Owuor ajifunze Kijerumani. Mumewe anamkemea kwamba anamtendea mpishi kama wao walivyotendewa Ujerumani. Niliitazama Milepa pamoja na Wafipa na Wasukuma, ambao nao hukutana katika Kiswahili hichohicho cha ugenini; tulicheka mahali ambapo, nadhani, mtazamaji wa Berlin hutegemea maandishi ya tafsiri. Dosari ni kwamba kamera humwandama Owuor jikoni na kisimani, ilhali maisha yake mwenyewe hubaki pembeni. Anapoondoka mwishoni, hatuonyeshwi anakorudi.