Jambia la Pointi Nne: Michezo ya Mezani Inakosea Wapi Kuhusu Silaha?

Hebu tufanye hesabu kidogo. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka 2014, jambia hutoa madhara ya dadu yenye pande 4. Mpiganaji wa ngazi ya 10 mwenye mwili wa kawaida tu ana pointi za uhai 64. Ukiacha nyongeza za nguvu na mapigo ya bahati, itabidi umchome mara 16 kwa uchache, na kwa wastani mara 26 hivi, ndipo aanguke. Na mpaka ile ya 25 bado anarusha upanga kama vile ndo kwanza ameamka!

Kama hujawahi kucheza, michezo hii ni ya kuvaa uhusika: mnakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, msimamizi anasimulia, na dadu ndizo zinazoamua nani kapigwa. Ukipigwa, unapunguziwa pointi. Zikifika sifuri, umekwisha.

Wachezaji wengi wakiona hesabu hiyo wanadai jambia liongezewe madhara. Malalamiko yao ni ya haki. Dawa yao ndiyo mbovu.

Kwanza, namba zenyewe hazikutoka maabara. Mchezo ulipoanza 1974, chini ya Gary Gygax na Dave Arneson, silaha zote zilitoa madhara ya dadu ya pande 6, jambia na upanga sawasawa. Kila silaha kuwa na dadu yake kulikuja na kitabu cha nyongeza cha Greyhawk, 1975. Ilikuwa njia ya kuzipa silaha ladha tofauti, basi.

Pili, jeraha halifanyi kazi kama akaunti ya benki. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza zaidi ya asilimia 40, yaani lita 2 hivi, yuko kwenye mlango wa kifo. Ila inachukua muda gani? Inategemea mshipa gani umekatwa. Ripoti ya FBI ya 1989 kuhusu majeraha ya bastola inaeleza kwamba hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unaweza kubaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Kinachomwangusha mtu papo hapo kwa uhakika ni kuharibika kwa ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Kwa hiyo jambia lile lile linaweza kuchana ngozi ya mkono, au kumuua mtu ambaye kwa sekunde kadhaa bado anakupiga.

Mifupa inasema hivyo hivyo. Mwaka 1996, huko Towton, Uingereza, lilipatikana kaburi la pamoja la watu zaidi ya 30 waliokufa katika vita vya 1461. Karibu mafuvu yote yalikuwa na majeraha, mengi zaidi ya moja. Lakini mmoja wao alikuwa na jeraha kubwa la taya lililokwisha kupona. Yaani alishapigwa vibaya katika pambano la nyuma, akaishi, akarudi vitani. Sasa niambie, silaha iliyomkata taya ni ya dadu ya pande ngapi?

Ndiyo maana kupandisha dadu kutoka 4 hadi 12 hakuleti uhalisia. Akaunti ni ile ile, unaimaliza haraka tu. Wapo waliojaribu njia nyingine. RuneQuest ya 1978 iligawa mwili, mkono ukawa na pointi zake na kichwa zake. Phoenix Command ya 1986 ilifuata risasi kwenye jedwali baada ya jedwali. Kwa fizikia ni kazi ya kuheshimika, ila sekunde chache za mapigano zinakula jioni nzima, na hofu yote inayeyuka mkitafuta ukurasa.

Kwangu aliyekaribia ukweli zaidi ni Call of Cthulhu, 1981. Nao unatumia pointi, lakini hutokana na afya na ukubwa wa mwili, na haziongezeki kwa uzoefu. Mtu wa kawaida ana kumi na kitu. Bunduki ya marisau ikipigwa karibu hutoa dadu 4 za pande 6, wastani 14. Matokeo yake wachezaji hukimbia, hujificha, hupanga. Jedwali si halisi, tabia ndiyo halisi.

Tuwatendee haki Dungeons & Dragons lakini. Kama kila pambano lina uwezekano wa kifo wa asilimia 10, baada ya mapambano 10 wanabaki asilimia 35 tu, na baada ya 20 asilimia 12. Hadithi ndefu ya shujaa mmoja haiwezekani hapo. Gygax mwenyewe alieleza 1979 kwamba pointi hizo ni pamoja na ujuzi na bahati. Sawa, lakini kama nilikwepa kwa bahati, sumu ya kwenye jambia imeniingiaje?

Kwa nini tusumbuke? Kwa sababu picha ya akaunti inatoka mezani na kuingia vichwani. Mtu kachomwa tumboni, anaongea, anatembea, na watu wanasema "yuko fiti." Huenda damu inavujia ndani. Kusimama si kipimo cha usalama; apelekwe hospitali.

Ukicheza tena, jipime hivi: adui akikuwekea jambia shingoni, unafanya nini? Ukicheka na kuhesabu pointi zako, furahia, huo ni mchezo wa mashujaa. Ukinyamaza na kuanza kumbembeleza, hapo ndipo uhalisia ulipo, na jambia linaweza kubaki na dadu yake ya pande 4.