Pete ya Kushika Kloridi

Mwanafunzi wa kidato cha nne mjini Voi anajua kuifichua kloridi. Huchota maji ya kisima, yale ya nyanda za chini ambayo chumvi yake huisikia mara yanapogusa ulimi, akatia matone ya nitrati ya fedha, na mashapo meupe yakatokea. Mtihani hauulizi zaidi ya hapo. Lakini wako wanakemia wanaounda molekuli za pete zenye nafasi ya kuipokea kloridi hiyo na kuiachilia, na kazi yao inastahili kutazamwa bila haraka.

Tuanze na pete iliyo rahisi kuliko nyingi, kaliksipiroli. Malighafi yake ni piroli na asetoni, hii hii ya kuondolea rangi ya kucha. Kwanza fundi huikeneka piroli, kwa kuwa iliyokaa hewani hugeuka kahawia, naye anataka iliyo angavu. Huichanganya na asetoni ndani ya alkoholi, akaikalisha chupa kwenye barafu na kutia asidi tone moja moja huku mchanganyiko ukikorogwa. Hapa papara haifai: mchanganyiko hupata joto wenyewe, na piroli ikizidiwa hushikana ovyo ikawa uchafu mweusi. Akitulia, hutokea unga mweupe. Huuchuja, huuosha kwa methanoli baridi, kisha huuyeyusha upya na kuuacha ujenge fuwele kwa wakati wake.

Adolf von Baeyer alizipata fuwele hizi Ujerumani mwaka 1886. Ilipita miaka 110 ndipo Jonathan Sessler, Philip Gale na wenzao, huko Texas, walipoonyesha kwamba zinashika floridi na kloridi.

Namna zinavyoshika ndiyo inayonivutia zaidi. Pete ina piroli nne, kila moja na haidrojeni yake juu ya nitrojeni. Ikiwa tupu, piroli hupishana, hii juu, hii chini. Kloridi ikija, zote nne hugeukia upande mmoja, mithili ya vidole vya mtu anayepokea sarafu, na pete ikawa bakuli. Kloridi haizami katikati. Hukaa juu kidogo, ikivutwa na haidrojeni zote nne.

Fundi hujuaje? Huongeza kloridi kidogo kidogo, na kila mara husoma kwa mashine ya sumaku jinsi alama ya haidrojeni hizo inavyohama. Huweka nukta baada ya nukta kwenye grafu mpaka mstari uache kupanda, ndipo akokotoe nguvu ya mshiko. Vipimo vingi hufanywa katika vimiminika visivyo maji, maana maji nayo huizingira kloridi na kuing'ang'ania. Kwa hiyo maji ya kisima cha Voi ni mtihani mgumu kwa pete hii.

Kwa darasa, udongo na waya vyatosha kuunda mfano ambao mwanafunzi ataugeuza kwa mkono. Penye maabara kamili kuna onyesho zuri lililochapishwa mwaka 1999: nitrofenoleti ya manjano hufifia ikishikwa na pete, kisha floridi ikitiwa, manjano hurudi. Floridi ni ndogo, chaji yake imebanana, kwa hiyo huvutwa zaidi na kumtoa aliyetangulia.