Riwaya ya Mwezi Ipimwe kwa Umbali

Klabu ya vitabu ikipigia kura "riwaya bora", mara nyingi huambulia kikao butu. Kila mtu ameipenda, kila mtu anasema ameipenda, na chai ikifika mazungumzo yamehamia bei ya mafuta. Ubora wa riwaya ni jambo moja. Kufaa kwake kujadiliwa na majirani kumi sebuleni ni jambo jingine. Jiji la Nakuru lina sababu yake ya kuyatenganisha mambo haya mawili.

Tuanze na machujio mepesi. La kwanza ni upatikanaji. Sheria ya mwaka 2013 iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu nchini Kenya, na riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam au New York huenda ikalazimika kuagizwa Nairobi na kuletwa kwa matatu. Klabu isiyotaka kusoma PDF za wizi, zinazomnyima mwandishi jasho lake, sharti itangaze kitabu mapema. La pili ni uzito, na hapa idadi ya kurasa hudanganya. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni kijitabu chembamba, lakini humdai msomaji subira kuliko riwaya nene nyingi. The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor inakaribia kurasa 500. Kwa mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku, hiyo ni kazi ya miezi miwili.

Chujio la tatu ndilo gumu, nalo ni umbali kati ya riwaya na maisha ya wanaoisoma.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilizikumba Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukawa kambi ya waliofurushwa makwao. Leo, katika kikao kimoja, aliyechomewa nyumba anaweza kuketi karibu na mtu ambaye nduguye alikuwa upande wa pili. Riwaya inayotaja mtaa, kabila na mwaka huwageuza wasomaji kuwa mashahidi. Kuikwepa mada kabisa nako ni kuchagua vitabu visivyowahusu.

Waandishi wetu wamelishughulikia tatizo hili kwa mbinu mbili. Ya kwanza ni nchi ya kubuni. Katika Kufa Kuzikana (2003), Ken Walibora aliipeleka chuki ya kikabila katika nchi aliyoiita Kiwachema, akaupima urafiki wa vijana wawili wa jamii zinazohasimiana. Riwaya hiyo ilitoka miaka minne kabla ya uchaguzi wa 2007, kwa hiyo haiwezi kusomwa kama ripoti ya ghasia zile. Assumpta Matei naye, katika Chozi la Heri, anamtia Ridhaa, daktari aliyepoteza nyumba na familia, mbele ya ukweli kwamba waliomvamia waliongozwa na jirani yake, Mzee Kedi. Msomaji anaweza kumshtaki au kumtetea Kedi bila kumgusa aliyeketi mkabala naye.

Mbinu ya pili ni kurudi nyuma katika wakati. Dance of the Jakaranda (2017) ya Peter Kimani inaitaja Nakuru kwa jina, lakini inasimulia ujenzi wa reli na mkesha wa uhuru wa 1963. Jumba la mkoloni McDonald, alilolijenga kwa ajili ya mwanamke asiyemtaka, litamkumbusha mtu wa Njoro kasri ya Lord Egerton. Suala la ardhi limo, na hakuna mwanachama anayelazimika kumtetea McDonald.

Kazi kubwa basi ni mpangilio. Ningeanza Oktoba na Kimani, kwa kuwa waliotenda wameshazikwa. Novemba iwe zamu ya Walibora. Desemba watu wako ushago. Kusiwe na kikao. Chozi la Heri ingoje Januari, wanachama wakiwa wamekwisha kuzoeana. Mfuko nao unakubali: Januari ni mwezi wa karo, na kwa vile riwaya hiyo ilikuwa kitabu teule cha sekondari hadi 2022, nyumba nyingi bado zina nakala. Gharama ya nakala hiyo ni mazoea. Wengi waliisoma wakiwa na mwongozo mkononi, wakisaka maudhui na tamathali za kujibia mtihani. Mwanachama asiyeweza kuhimili kikao cha Januari aruhusiwe kukosa bila kuulizwa.

Februari klabu ipumue na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022. Yusuf, mtoto aliyetolewa kulipia deni la baba yake, yuko mbali na Nakuru kwa mahali na kwa wakati, lakini uamuzi wake wa mwisho huwagawa wasomaji wa kila mahali.

Kwa hiyo anayependekeza kitabu asilete sifa zake. Alete swali moja ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Anayeuliza kama ukabila ni mbaya hajaleta kitu, maana wote watajibu ndiyo. Anayeuliza Ridhaa anamdai nini Kedi baada ya uvamizi ule, na nani mwenye haki ya kulisamehe deni hilo, amewapa wenzake kazi ya jioni nzima.