Heko kwa Mpigapicha wa Whitby

Whitby ni mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uingereza, pale mto Esk unapoingia Bahari ya Kaskazini. Juu ya jabali yamesimama magofu ya abasia, na ngazi 199 hupanda kutoka mitaa ya kale hadi Kanisa la Mtakatifu Maria. Kila anayezunguka hapo na kamera anafuata nyayo za Frank Meadow Sutcliffe.

Sutcliffe, aliyezaliwa mwaka 1853, alipata riziki yake kwa kuwapiga picha wageni studioni. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa bandarini, kwa wavuvi, wake zao na watoto wao. Kamera yake ilikuwa sanduku zito la mbao, na kila picha ilihitaji bamba lake la kioo. Hakuweza kufyatua ovyo. Ilimbidi asubiri mwanga, awaombe watu watulie. Nao, kwa kuwa walimjua, walitulia bila kujikaza.

Picha yake ya mwaka 1886, “Water Rats”, ya wavulana uchi wakicheza majini, iliwaudhi makasisi wa mji. Mwanamfalme wa Wales akanunua nakala yake.

Heko kwake, na kwa kila mpigapicha anayeona kwamba mchuuzi wa samaki anastahili heshima ya picha sawa na tajiri. Nanyi wenye kamera za leo, kabla ya kuyaelekea magofu, msalimieni kwanza mvuvi anayeshona nyavu zake.