Kati ya Ntilie na Lishe: Kibanda cha Ruvu

Wahispania wana vilabu vya mitaani ambamo mnywaji huwekewa vijisahani vya vitafunio. Huviita tapas, yaani vifuniko. Pwani yetu haina haja ya kuazima jina hilo. Mgeni ashukaye Ruvu, mkoani Pwani, huyakuta mambo hayo hayo chini ya paa la makuti: andazi moja, nusu chapati, kipande cha muhogo wa kukaanga na pilipili yake, mkate uliopasuliwa kati ukatiwa yai, na chai ya rangi. Mlaji huonja, huongeza, hesabu hufanywa mwisho.

Uzuri wa kibanda hiki umo kwanza katika jina la mwenyewe. Mama ntilie! Wapenzi wa lugha walizingatie neno hili. Ni kitenzi tia kilichovishwa kauli ya kutendea, kikabeba nafsi ya aombaye: nitilie, mimi, humu sahanini mwangu. Ombi la mlaji limegeuka kuwa jina la mpishi. Ni nadra kupata kazi nyingine iliyobatizwa kwa sauti ya mteja wake.

Kisha likaja mama lishe, nalo limeenea maofisini na magazetini. Neno hili limetoka katika kulisha, kauli ya kutendesha. Hapa mlaji hasemi tena. Analishwa, kama mtoto au kama mfugo aliyepelekwa malishoni. Haki isemwe: wapo wanawake waliolipokea jina hili kwa moyo mkunjufu, kwani lile la kwanza lilitamkwa mara nyingi kwa dharau. Lakini dharau ilikuwa ulimini mwa watamkaji, haikuwa katika neno. Kulibadili neno hakukumwondolea mama yule moshi wa kuni wala mgambo wa kumfukuza.

Ruvu ina sababu ya pekee ya kulilinda ombi hilo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, hupita hapa, na hapa ndipo inapochepuka njia ya kwenda Mruazi hadi kuikuta reli ya Tanga. Katika vituo vya reli hiyo chakula kilizoea kupita dirishani: mkono wa abiria ukishuka na sarafu, mkono wa mama ukipanda na sahani. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinapita kwenye reli mpya, baridi ndani, kioo kimefungwa. Safari imefupika, na hilo ni jema lisilopingika. Ila mbele ya kioo kisichofunguka, abiria hana wa kumwambia nitilie.

Basi mshairi atakayefika Ruvu asiusifu mto peke yake. Aketi kwenye benchi, aagize muhogo, ayasikilize maneno yanayopita juu ya karai. Mafuta yamechakaa kidogo. Lugha bado ni mbichi.