Nyuzi za Chuma Zinazookota Dhahabu

Umeme wa ampea moja ukipita kwa saa moja, na wote ukafanya kazi uliyotumwa, huweka gramu 7.35 za dhahabu juu ya chuma. Hesabu hiyo inatokana na kanuni za Michael Faraday za miaka ya 1830, na inasimama hata leo. Lakini hakuna fundi wa elusheni, yaani kazi ya kuibandua dhahabu kwenye kaboni na kuishika kwa umeme, awe kwenye machimbo ya Nyamongo au ya Geita, anayezipata gramu zote hizo. Sehemu kubwa ya umeme wake huishia kupasua maji, haidrojeni ikatoka upande huu na oksijeni upande ule, na dhahabu ikajipatia kinachobaki. Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa watu wanaofanya kazi na upotevu huo kila siku na bado wakaitoa dhahabu karibu yote majini.

Kwenye mialo ya Tarime na Serengeti, yaani maeneo ya kuchenjulia dhahabu, njia ya kwanza ya kupata dhahabu inajulikana na kila mtu. Jiwe linasagwa kwa karasha, unga unaoshwa, zebaki inashika punje zinazoshikika, kisha mchanganyiko unachomwa na mvuke wake unaingia kwenye mapafu ya mchomaji na ya majirani zake. Dhahabu laini haishikwi. Inabaki kwenye mchanga, na mchanga huo, yaani marudio, unauzwa kwa mwenye matangi ya sianidi. Mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002 na ulioko kaskazini mwa Mto Mara, nao unayeyusha dhahabu kwa sianidi, kwa kiwango ambacho mwenye matangi hawezi kukifikiria. Kwenye matangi hayo chokaa ni lazima, kwa sababu sianidi ikikutana na uchachu hugeuka gesi inayoua.

Maji yenye dhahabu hupitishwa kwenye kaboni. Kaboni hiyo ni mkaa wa vifuu vya nazi uliochomwa kwa mvuke wa maji mpaka ukajaa vinyweleo visivyoonekana kwa jicho. Kifuu kimechaguliwa kwa ugumu wake. Mkaa wa mti laini ungesagikia ndani ya tangi, ukageuka vumbi na kuondoka na mali ya mtu.

Kaboni ikishashiba, inabidi itapishwe. J. B. Zadra, wa idara ya migodi ya serikali ya Marekani, ndiye aliyeipanga kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1950: maji yenye takriban asilimia 1 ya kostiki soda na sianidi kidogo, yakipashwa moto hadi karibu na kuchemka, yanapita kwenye kaboni na kuibandua dhahabu, yanaingia kwenye seli ya umeme na kuiacha humo, kisha yanarudi kwenye kaboni kuchukua nyingine. Mzunguko huo unaweza kuchukua siku tatu. Wapo waliobuni njia za haraka zaidi, zenye joto na mgandamizo mkubwa, lakini mimi naipenda ya Zadra kwa sababu hakuna kinachomwagwa kabla hakijatumika tena na tena.

Seli yenyewe, kwa kuitazama, ni sanduku. Ndani yake zimepangwa bamba za chuma kisichoshika kutu, zenye matundu, na katikati ya bamba na bamba kuna vikapu vya plastiki vilivyojazwa pamba ya chuma, zile nyuzi nyembamba tunazosugulia masufuria. Volti ni mbili hadi nne, kama za betri mbili za tochi, ila ampea zinahesabiwa kwa mamia. Pamba hiyo nayo ni wazo la Zadra, na kwangu ndiyo kiini cha kazi nzima. Dhahabu iliyomo kwenye maji ni kidogo katika kila tani. Ukiweka bamba bapa, chembe nyingi zitapita mbali nalo bila kuligusa, na umeme utapasua maji tu. Ukiweka nyuzi maelfu kwa maelfu, kila tone linapopita lina chuma karibu nalo.

Hapo mkono wa fundi unaanza kuonekana. Pamba ikishindiliwa sana, maji yanatafuta upenyo pembeni ya kikapu na kutoka na dhahabu yao. Ikilegezwa sana, nyuzi hazigusani vizuri na umeme haufiki katikati. Fundi mzuri huichambua kwa vidole, akaipanga sawasawa hadi kwenye pembe za kikapu, na anahakikisha hakuna uzi uliochomoza, kwa maana uzi mmoja ukigusa bamba la jirani, umeme unapita hapo na kuziacha nyuzi nyingine zote bila kazi. Anasugua shaba ya kuunganishia mpaka ing'ae, kwa kuwa kutu ya kijani ni umeme unaogeuka joto bure. Anapima ukali wa maji pia, kwani kostiki ikipungua, bamba za chuma zinaanza kuliwa na kuchafua maji yote. Kisha anachukua sampuli mbili, ya maji yanayoingia na ya maji yanayotoka, na tofauti kati yake ndiyo inayomwambia kama kazi inakwenda. Nyuzi huanza kubadilika rangi upande maji yanakoingilia, zikawa za hudhurungi kabla hazijawa njano, na badiliko hilo linasogea ndani taratibu. Mwisho wake pamba inakaushwa, inachanganywa na boraksi na kuyeyushwa kwenye tanuru. Kinachotoka ni dhahabu pamoja na fedha, kwa sababu fedha nayo ilikuja kwa umeme uleule.

Sasa turudi kwenye ile kostiki soda ya kutapishia kaboni, maana nayo imezaliwa na umeme. Kostiki na klorini hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na kwa muda mrefu viwanda vingi vilifanya hivyo juu ya zebaki, katika seli waliyoibuni wavumbuzi Castner na Kellner mwaka 1892. Upande wa klorini palikuwa na grafiti iliyolika siku hadi siku, na fundi alilazimika kuisogeza kila mara ili nafasi isitanuke na kula umeme zaidi.

Mwaka 1965 Mholanzi Henri Beer aliomba hataza ya kitu kingine: titani iliyopakwa oksidi ya ruteni. Titani peke yake haifai kazi hiyo, kwani hujifunika gamba lisilopitisha umeme. Ruteni hupitisha umeme na kuharakisha klorini kutoka, ila ni ghali mno kuwa bamba zima. Ruteni na titani zikichanganywa kama oksidi, zikapakwa tabaka juu ya tabaka na kuokwa kila mara kwenye joto la nyuzi mia nne na ushei, zinashikana na chuma kilicho chini na kudumu miaka. Unene wake ni sehemu ndogo mno ya milimita. Katika miaka ya 1970 Wajapani wakaongeza utando unaotenganisha kostiki na klorini bila zebaki. Kufikia Desemba 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwishapiga marufuku seli za zebaki kwa klorini.

Basi kiwanda kinachotengeneza kostiki ya kutapishia kaboni kimeweza kuachana na zebaki, na mwalo wa Tarime bado. Tena elusheni yenyewe haisamehe uzembe wa zebaki. Marudio yenye zebaki yakiingizwa kwenye sianidi, zebaki inayeyuka pamoja na dhahabu, inapanda kwenye kaboni, inashika kwenye nyuzi zilezile na kutoka kama mvuke tanuru linapowaka, na ile inayobaki majini iko tayari kuufuata Mto Mara hadi daraja la Kirumi na Ziwa Victoria. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja desturi hiyo waziwazi miongoni mwa zile za kukomeshwa.

Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano vya kuchenjua dhahabu kwa kaboni, bila zebaki, huko Lwamgasa, Katente na Itumbi. Vyote vitatu viko mbali na mialo ya Tarime na Serengeti. Mchimbaji mdogo akipata mahali pa kupeleka jiwe lake moja kwa moja kwenye kaboni, kabla halijaguswa na zebaki, na akalipwa kwa kipimo anachokiona mwenyewe, fundi wa pamba ya chuma yupo tayari. Anaijua kazi yake.